Kukokotoa matundu kwa changamano la mnyororo: kuanzia karatasini hadi kwenye molekuli na protini

Changamano la mnyororo ni orodha ya vipande vya umbo (vipeo, kingo, pembetatu, piramidi) pamoja na matriksi (majedwali ya namba) zinazoeleza mpaka wa kila kipande. Ukishakuwa nayo, idadi ya matundu ya umbo hilo hupatikana kwa kujumlisha na kutoa tu. Henri Poincaré aliweka msingi wa hesabu hii mwaka 1895. Leo mkemia anaitumia kuhesabu pete za molekuli, na mwanabiolojia wa seli anaitumia kutafuta mrija ndani ya protini. Fomula ni ileile kote. Kinachowaangusha watu ni uamuzi unaotangulia fomula: nini kihesabiwe kuwa kipande, na nini kiachwe wazi. Kwa hiyo hapa fomula tutazipitia mara moja kwa mkono, kisha muda mwingi tutaupeleka kwenye maamuzi hayo.

Unahitaji karatasi, penseli, na Python 3 yenye maktaba ya gudhi (pip install gudhi numpy). Kompyuta mpakato ya RAM GB 8 inatosha kwa kila kitu kilichomo humu.

Andika orodha ya vipande

Chukua umbo dogo: vipeo vinne a, b, c, d, kingo tano ab, ac, bc, bd, cd, na pembetatu moja iliyojazwa, abc. Pembetatu bcd ina kingo zake zote tatu lakini katikati haina kitu. Kwa macho tundu ni moja.

Orodha ina sharti lisilolegezwa: kipande kikiwemo, pande zake zote ziwemo. Huwezi kuandika abc ukaacha ac. Sharti la pili ni la mpangilio. Chagua mfuatano mmoja wa vipeo, alfabeti inatosha, na uandike kila kipande kwa mfuatano huo bila kubadili. Ukiandika bc mahali pamoja na cb mahali pengine, alama za kutoa zitageuka kimyakimya, na kosa utaligundua hatua tatu mbele ambako hutajua limetoka wapi.

Jaza matriksi za mpaka

Mpaka wa ukingo ab ni b − a. Mpaka wa pembetatu abc ni bc − ac + ab: ondoa kipeo cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, huku alama zikipishana jumlisha, toa, jumlisha. Piramidi abcd nayo hivyohivyo: bcd − acd + abd − abc.

Kila kipande kinapata safu wima yake, na kila upande wake unapata safu mlalo. Matriksi ya kwanza, D1, inatoka kwenye kingo kwenda kwenye vipeo:

       ab  ac  bc  bd  cd
  a    −1  −1   0   0   0
  b     1   0  −1  −1   0
  c     0   1   1   0  −1
  d     0   0   0   1   1

D2 ina safu wima moja tu, ya abc. Ukiisoma kuanzia juu kwa mfuatano wa ab, ac, bc, bd, cd, ni 1, −1, 1, 0, 0.

Kabla ya kugusa kitu kingine, zidisha D1 kwa D2. Jibu lazima liwe sifuri tupu, kwa sababu mpaka wenyewe hauna mpaka: ukizunguka pembetatu, kila kipeo unakiingia mara moja na kukitoka mara moja. Hapa safu ya a inatoa −1 + 1, ya b inatoa 1 − 1, ya c inatoa −1 + 1, na ya d ni sifuri tangu mwanzo. Ukipata namba yoyote isiyo sifuri, simama hapo. Karibu kila mara kosa ni alama iliyogeuzwa au upande uliosahaulika, na namba ya safu mlalo itakuonyesha ni kipeo kipi cha kuanzia kukagua.

Tafuta ranki, kisha toa

Ranki ni idadi ya safu zinazobaki baada ya kufuta zile zinazoweza kutengenezwa kutokana na nyingine. Kwa D1, jumlisha safu ya a kwenye safu ya b: unapata 0, −1, −1, −1, 0. Hiyo mpya ijumlishe kwenye safu ya c: unapata 0, 0, 0, −1, −1. Hiyo nayo ijumlishe kwenye safu ya d: inafutika yote. Safu tatu zimebaki, basi ranki ya D1 ni 3. Ranki ya D2 ni 1, maana ina safu wima moja na si sifuri.

Nambari za Betti, β, zinahesabu matundu kwa ngazi. β0 ni idadi ya vipande vilivyotengana, β1 ni matundu ya kupenya kama la pete, na β2 ni uwazi uliofungwa pande zote. Kwa kila ngazi k, chukua idadi ya vipande vya ngazi hiyo, toa ranki ya Dk, toa na ranki ya matriksi inayofuata:

β0 = 4 − 3 = 1
β1 = 5 − 3 − 1 = 1
β2 = 1 − 1 = 0

Umbo limeungana lote, lina tundu moja, halina uwazi wa ndani. Ndivyo macho yalivyosema.

Wengi hukagua jibu kwa hesabu ya Euler, yaani vipeo toa kingo jumlisha pembetatu, ikilinganishwa na β0 − β1 + β2: 4 − 5 + 1 = 0, na 1 − 1 + 0 = 0, zinalingana, wanafunga daftari. Ukaguzi huo ni dhaifu kuliko unavyoonekana. Ukipachika fomula za β ndani yake utaona kila ranki inatokea mara mbili kwa alama zinazopingana na kujifuta. Ungeandika ranki ya D1 kuwa 2 badala ya 3, Euler ingelingana vilevile, huku β0 na β1 zote zikiwa na kosa. Kinachokamata kosa la ranki ni kuhesabu vipande vilivyotengana kwa kidole na kulinganisha na β0, na kuhakikisha hakuna β iliyotoka hasi.

Inafaa pia kujua tundu lenyewe liko wapi. Mzunguko bc + cd − bd una mpaka sifuri, na si mpaka wa kitu chochote kilichojazwa, hivyo huo ndio unaolizunguka tundu. Mzunguko wa nje, ab + bd − cd − ac, unaonekana kama tundu la pili, lakini ukiuandika kama (ab − ac + bc) − (bc + cd − bd) utaona ni mpaka wa abc ukiondoa mzunguko wa kwanza. Ni tundu lilelile lililozungukwa kutoka upande mwingine. Hii ndiyo sababu orodha ya mizunguko inayotolewa na programu haipaswi kuchorwa kwenye makala kana kwamba ndiyo pekee: programu mbili zinaweza kukupa mizunguko miwili tofauti kwa tundu moja, na zote zikawa sahihi.

Kwenye kompyuta, na mahali inapokudanganya

import gudhi
st = gudhi.SimplexTree()
for s in [[0,1,2],[1,3],[2,3]]:
    st.insert(s)
st.compute_persistence(homology_coeff_field=2, persistence_dim_max=True)
print(st.betti_numbers())

Inatoka [1, 1, 0]. Pande huingizwa zenyewe unapoweka kipande kikubwa, ndiyo maana ab, ac na bc hazikuandikwa.

Kipengele cha persistence_dim_max kisisahaulike. Kwa kawaida kimezimwa, na kikizimwa GUDHI haihesabu ngazi ya juu kabisa ya umbo. Weka nyuso nne za piramidi tupu: bila kipengele hicho unapata [1, 0] na uwazi wa ndani umepotea; nacho unapata [1, 0, 1]. Mbaya zaidi ni kwa molekuli iliyochorwa kwa atomi na bondi tu, bila pembetatu. Ngazi ya juu hapo ni kingo, kwa hiyo pete ya benzini itakurudishia [1], yaani kitu kimoja kisicho na pete. Hakuna onyo lolote litakalotokea.

Ukitumia SageMath, programu nyingine ya hisabati, ChainComplex hupokea matriksi ulizoziandika kwa mkono, lakini inadhani kila matriksi inapandisha ngazi. Zako zinashusha. Andika degree_of_differential=-1, la sivyo itakataa kwa madai kuwa vipimo vya matriksi havilingani, nawe utaanza kurekebisha matriksi zisizo na kosa.

Pete za molekuli

Molekuli yenye atomi V na bondi E, ikiwa imeungana yote, ina β1 = E − V + 1. Acha hidrojeni, kila moja inaongeza atomi moja na bondi moja, hivyo haibadilishi kitu. Kaboni 6 za benzini zina bondi 6, basi pete ni 1. Naftalini, ile ya kuwekwa kabatini kufukuza nondo, ina kaboni 10 na bondi 11, pete 2.

Sasa chukua kubani, C8H8, ambayo Philip Eaton na Thomas Cole waliitengeneza Chicago mwaka 1964. Kaboni zake 8 zimekaa kwenye pembe za mchemraba na bondi ni 12. Fomula inatoa 12 − 8 + 1 = 5, ilhali mchemraba una nyuso 6. Hakuna kosa. Ukijumlisha mipaka ya nyuso tano, kila moja kwa alama yake, unapata mpaka wa uso wa sita, kwa hiyo wa sita hauhesabiwi kuwa pete mpya. Tatizo ni kwamba kila uso una haki sawa ya kuwa huo wa sita, na programu ya kemia inayolazimika kutoa pete 5 itaacha mmoja bila sababu ya kikemia. Kwenye RDKit, maktaba ya kemia ya Python, ndiyo maana kuna GetSymmSSSR, inayorudisha pamoja na pete zile zilizoachwa kwa ajili ya ulinganifu. Kwa kuhesabu tundu tumia 5. Kwa kueleza kila atomi iko kwenye pete ngapi, tumia orodha yenye ulinganifu, la sivyo atomi nane zilizo sawa kabisa zitapewa sifa tofauti.

Fulereni ya C60, iliyogunduliwa mwaka 1985 na Kroto, Curl, Smalley na wenzao, ni hivyohivyo kwa kiwango kikubwa: atomi 60, bondi 90, pete 31, ilhali nyuso ni 32 (pembetano 12 na pembesita 20). Hapa unalazimika kuamua. Ukiacha nyuso wazi, β1 = 31 na β2 = 0: umechora wavu. Ukizijaza zote 32, β1 = 0 na β2 = 1: umechora mpira wenye uwazi ndani. Swali lako likiwa mtandao wa bondi, wavu ndio jibu. Likiwa ni kama atomi ya gesi inaweza kufungiwa ndani, jaza.

Ukiwa na viwianishi badala ya bondi

Faili la protini halikupi orodha ya vipande, linakupa mahali pa kila atomi. Basi anza na umbali sifuri na uupandishe taratibu. Atomi mbili zilizo karibu kuliko umbali huo, ziunganishe. Tatu zikiwa zote zimeungana zenyewe kwa zenyewe, jaza pembetatu. Nne, jaza piramidi. Kila tundu litakuwa na umbali linapozaliwa na umbali linapozibika, na urefu wa maisha yake ndio unaosomwa. Ujenzi huu unaitwa wa Vietoris na Rips, na usomaji wake unaitwa homolojia dumifu.

Jaribu benzini kwanza, bondi zikiwa angstromu 1.40 (angstromu, Å, ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Tundu linazaliwa kwenye 1.40. Linazibika pale atomi zinazorukana moja zinapoungana, yaani 1.40 × √3, karibu 2.42. Lakini hapohapo kwenye 2.42 kitu kingine kinajitokeza. Kila atomi sasa imeungana na zote isipokuwa ile inayoitazama upande wa pili: vipeo 6, kingo 12, pembetatu 8. Hilo ni umbo la nyuso nane lililo tupu ndani, na β2 inapanda kuwa 1 mpaka umbali ufike 2.80. Molekuli bapa imepewa uwazi wa ndani. Programu haijakosea, ujenzi wa Rips hauangalii kama pembetatu zake zinalaliana kwenye bapa moja.

Kwenye C60 jambo hili hutokea mara 20, kwa sababu ina pembesita 20. Kwa bondi za 1.40 na 1.45, haya ndiyo unayopaswa kuyaona:

vipande: 30 huungana kwenye 1.40, na 29 kwenye 1.45, kimoja kinabaki
matundu: 31 huzaliwa kwenye 1.45, 12 ya pembetano huzibika karibu na 2.35, na 19 ya pembesita karibu na 2.47
uwazi wa ndani: 21 huzaliwa karibu na 2.47, 20 ni wa bandia na hufa kwenye 2.85, mmoja wa kweli huendelea

Tunapendekeza kila anayeanza aifanye C60 kabla ya protini yoyote. Weka max_edge_length=3.0 na max_dimension=3; ukiweka 2 hutaona uwazi wa ndani kabisa. Namba hizi zisipotoka, kosa liko kwenye msimbo wako, na ni rahisi kulipata hapa kuliko kwenye protini ambayo jibu lake hulijui.

Mrija ndani ya protini

Mfano mzuri ni VDAC1, protini iliyopachikwa kwenye utando wa nje wa mitokondria. Nyuzi 19 za beta zimejikunja kuwa pipa, na katikati ya pipa ndimo zinamopita molekuli ndogo kama ATP. Muundo wa VDAC1 ya panya uko kwenye benki ya miundo ya protini kwa namba 3EMN, na mnyororo wake una asidi amino 283.

Chukua atomi moja kwa kila asidi amino, ile ya Cα, yaani kaboni ya katikati ya asidi amino:

X = []
for m in open("3emn.pdb"):
    if m.startswith("ATOM") and m[12:16].strip() == "CA" and m[16] in " A":
        X.append([float(m[30:38]), float(m[38:46]), float(m[46:54])])
st = gudhi.AlphaComplex(points=X).create_simplex_tree()
st.compute_persistence(homology_coeff_field=2)
print(st.persistence_intervals_in_dimension(1))

Kila sharti kwenye mstari wa if lina kazi. ATOM inaondoa maji na sabuni zilizotumika kutoa protini kwenye utando, na inaondoa pia kalsiamu, ambayo jina lake kwenye faili ni CA vilevile. Sharti la m[16] linazuia atomi moja isiingie mara mbili pale mtafiti alipoandika nafasi mbili zinazowezekana. Ukitumia faili la NMR (njia ya kupima muundo kwa usumaku, ambayo faili lake huwa na nakala nyingi), kata baada ya MODEL ya kwanza. Ukiacha zote, unapandanisha nakala nyingi za protini moja na mrija utajaa.

Kwa nini AlphaComplex na si Rips? Pointi 283 bila kikomo cha umbali zina kingo 39,903, pembetatu 3,737,581 na piramidi 261,630,670. Hadi pembetatu, kompyuta yako itavumilia. Kwenye piramidi RAM itakwisha. Ujenzi wa alfa hutumia tu vipande vinavyotokana na majirani wa kweli katika nafasi ya pande tatu, maelfu badala ya mamilioni, na hauzai uwazi wa bandia kama ule wa benzini.

Una gharama moja ya kukumbuka: namba zinazotoka ni mraba wa nusukipenyo, si umbali. Cα mbili zinazofuatana kwenye mnyororo zimetengana Å 3.8, hivyo huungana kwenye 1.9², yaani 3.61. Hapo ndipo pa ukaguzi wa kwanza. Angalia ngazi ya sifuri: idadi ya mistari inayokoma (mstari mmoja ni maisha ya kipande au tundu moja) iwe idadi ya atomi ukitoa moja, na karibu yote ikome kando ya 3.6. Mmoja ukikoma mbali zaidi, 5 au 6 au zaidi, huenda kuna asidi amino zinazokosekana kwenye faili na mnyororo umekatika. Ukikoma karibu na 2.2, kuna uwezekano ni kiungo cha peptidi cha aina ya cis, ambacho Cα zake hukaribiana hadi Å 2.95 hivi, hilo si kosa. Ukikoma karibu na sifuri, au mistari ikipungua idadi hiyo, huenda una atomi mbili mahali pamoja, na hilo ni kosa.

Kisha panga mistari ya ngazi ya kwanza kwa urefu. Mingi itakuwa mifupi, inatokana na mapengo madogo kati ya nyuzi na mizunguko ya helisi (sehemu ya mnyororo iliyojipinda kama springi). Mrija wa pipa ndio mstari unaojitenga. Kukadiria utafia wapi, pima kipenyo cha pipa kati ya Cα na Cα: pipa la Å 24 huzibika karibu na 12², yaani 144. Anayesoma 144 kama angstromu ataripoti mrija mkubwa kuliko protini yenyewe. Kwa Rips kanuni ni nyingine: duara la nusukipenyo R huzibika kwenye R × √3, na kwa pipa hilohilo ni 20.8. Usilinganishe namba za njia hizi mbili bila kuzibadilisha.

VDAC1 ina jambo jingine. Ncha ya mwanzo ya mnyororo, asidi amino 25 hivi za kwanza, ina helisi iliyolala ndani ya pipa, ukutani. Inaubana mrija na hubadilisha mahali mstari unapokoma. Fanya hesabu mara mbili, na helisi na bila helisi, uripoti zote. Ukitoa namba moja tu, msomaji hatajua umepima pipa au njia iliyobaki.

Namba gani za kuhesabia

Tumetumia homology_coeff_field ya 2, yaani kila hesabu imefanywa mod 2: kinachobakizwa ni baki la kugawanya kwa 2. GUDHI ukiiacha yenyewe hutumia 11. Ripser, programu nyingine ya homolojia dumifu, hutumia 2. Kwa maumbo yaliyokaa ndani ya nafasi ya pande tatu, kama protini na C60 iliyojazwa nyuso, haitabadilisha jibu. Inabadilisha unapotoka kwenye nafasi hiyo, na kemia hutoka mapema kuliko unavyodhani.

Sikloktani ina pete ya kaboni 8, na pete hiyo hujikunja kwa namna nyingi. Kila mkunjo ukiuandika kama pointi moja yenye viwianishi 24 (kaboni 8, kila moja tatu), pointi hizo hufanya umbo. Mwaka 2010 Martin, Thompson, Coutsias na Watson walionyesha kuwa umbo hilo ni tufe na chupa ya Klein zilizokatana kwenye pete mbili. Chupa ya Klein peke yake, ukiihesabu mod 2, ina nambari za Betti 1, 2, 1. Ukiihesabu mod 3, mod 11 au kwa namba za sehemu kama 1/2, unapata 1, 1, 0. Data ni zilezile, majibu ni mawili, na yote ni sahihi. Sababu ni kwamba uso huo una mzunguko ambao ukiupita mara moja hauzibiki, ukiupita mara mbili unazibika. Mod 2 huona mzunguko huo, mod 3 hauoni.

Kwa hiyo data za miundo inayobadilika zihesabu mara mbili, kwa 2 na kwa 3. Nambari zikitofautiana, umekuta mkunjo wa aina hii. Ukitaka kuujua kikamilifu, rudi SageMath na namba kamili: jibu lake litaonyesha C2 pembeni ya Z, na hiyo C2 ndiyo mzunguko unaozibika kwa mara mbili.

Protini zikishikana: kujaza au kuacha wazi

Kwenye biolojia ya seli kipeo mara nyingi ni protini nzima, na ukingo ni kugusana kwa protini mbili. Chukua changamano la II la mitokondria, linalopokea elektroni kutoka kwa saksineti. Lina protini nne: SDHA, SDHB, SDHC, SDHD. SDHB ndiyo inayounganisha SDHA na jozi ya SDHC na SDHD iliyozama ndani ya utando. Chora migusano: A–B, B–C, B–D, C–D. Vipeo 4, kingo 4, β1 = 1. Tundu hilo halipo. Protini B, C na D zimeshikana zote kwa pamoja, na pembetatu yao inapaswa kujazwa. Ukijaza, β1 inakuwa 0.

Kinyume chake pia hutokea. Protini P, Q na R zinaweza kushikana mbilimbili kwa zamu, kila mara kwenye sehemu ileile ya uso wa P, zisiweze kamwe kuwa pamoja. Hapo kujaza ni kosa, na tundu linaeleza ukweli wa seli: kuna ushindani.

Kinachoamua ni jaribio lililotoa data. Jaribio la mseto wa hamira (yeast two-hybrid), linalopima kama protini mbili zinagusana, hutoa jozi. Halina neno lolote kuhusu pembetatu, na kujaza kila pembetatu yenye kingo tatu ni dhana yako, iandike hivyo. Kuvuta protini moja na kupima zilizokuja nayo kwa spektrometa ya masi hutoa kundi, lakini kundi hilo linaweza kuwa mchanganyiko wa machangamano mawili yanayoshirikiana chambo, yaani protini iliyovutwa. Muundo uliopimwa, kwa kriyo-EM (hadubini ya elektroni kwenye baridi kali) au kwa kristali na eksirei, ndio unaoonyesha protini tatu mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Angalia pia ukubwa wa kundi kabla ya kuliingiza kama kipande kimoja. Kundi la protini 20 lina pande 1,048,575. La 30 linavuka bilioni moja, na programu itagoma kabla ya kumaliza kuingiza. Ribosomu ya binadamu, yenye protini 80, haiingiziki kabisa kwa njia hiyo. Ukihitaji β1 tu, ingiza kingo 3,160 na pembetatu 82,160 uishie hapo, na usiisome β2 ya umbo lililokatwa hivyo, kwa sababu kila piramidi uliyoiacha itajitokeza kama uwazi.

Kwenye jedwali la matokeo, weka safu wima moja ya ziada kando ya pembetatu zako: kila moja imejazwa kwa ushahidi gani, wa muundo, wa kundi, au kwa dhana. Kisha hesabu β1 mara ya pili ukiwa umetoa zile za dhana. Matundu yatakayokuwemo kwenye hesabu zote mbili ndiyo ya kupeleka maabara kwanza.